Maji Yanayozaliwa Ndani ya Gari Lililofungwa

Katika miezi ya mvua, tangu Machi hadi Mei na tena tangu Septemba hadi Novemba, ni nadra kupita alfajiri penye kota za askari nchini Uganda usione jambo hili: magari yamepangwa mstari mmoja, milango imefungwa, vioo vimepandishwa hadi juu, na kila kioo kimekuwa cheupe kama kilichopakwa chokaa. Mwenye gari hutoka nyumbani akiwa na haraka ya kuwahi gwaride. Hupangusa kwa kiganja kitundu cha ukubwa wa sahani mbele ya macho yake, huwasha injini, akaondoka. Katika kitundu kile anaiona barabara iliyo mbele yake. Asichokiona ni mtoto wa shule anayevuka kutoka pembeni, wala mwendesha baiskeli anayemjia upande wa kushoto.

Mvua haikuingia ndani ya gari lile. Milango ilifungwa kwa ufunguo, na usiku kucha mlinzi alikuwa akipita. Basi maji yale yametoka wapi?

Hewa, japo haionekani, hubeba maji. Tena haibebi kiasi kimoja siku zote: ikiwa na joto hubeba mengi, ikipoa hubeba machache. Katika mita moja ya ujazo, hewa ya nyuzi 30 za sentigredi yaweza kubeba gramu 30 za maji. Hewa ya nyuzi 20 yaweza kubeba gramu 17. Na ile ya nyuzi 10 hubeba gramu 9 na kidogo, basi. Joto likishuka, mzigo uliozidi hauna budi kutuliwa, nao hutuliwa juu ya kitu kilicho baridi kuliko vingine vilivyo karibu. Ndani ya gari kitu hicho ni kioo, na baada ya kioo ni bati la paa.

Kwa nini kioo kiwe baridi kuliko hewa yenyewe? Zamani watu wengi waliamini kwamba umande hudondoka kutoka mbinguni mithili ya mvua nyembamba, na wengine walishikilia kwamba hupanda kutoka ardhini. Aliyelichunguza jambo hili kwa uvumilivu mkubwa ni tabibu mmoja wa London, William Charles Wells, ambaye alitoa kitabu chake juu ya umande mwaka 1814. Tabibu huyu alikuwa akiweka nje usiku mafungu ya sufi yaliyopimwa uzito sawasawa, mengine juu ya ubao na mengine chini yake, kisha akiyapima tena. Sufi iliyolala juu ya ubao, ikitazama mbingu tupu, ilikutwa imekunywa maji mengi kuliko ile iliyofunikwa. Wells akaonyesha kwamba katika usiku mtulivu usio na mawingu, vitu vilivyo wazi hupoteza joto lao kuelekea mbinguni mpaka vikawa baridi kuliko hewa inayovizunguka, na hapo ndipo umande unapovikalia.

Kwa hiyo gari lililo chini ya paa la mabati, au chini ya mwembe wenye matawi mapana, huamka na vioo safi zaidi kuliko mwenzake aliyelala uwanjani, ingawa hewa wanayoivuta ni moja. Na usiku mbaya kuliko yote ni ule unaofuata mvua ya jioni, mawingu yakafunguka, nyota zikaonekana zote. Hapo hewa imejaa maji na mbingu iko wazi kuchukua joto.

Tupige hesabu kidogo, kwa kuwa hesabu hii inafundisha. Chukua gari la kawaida ambalo nafasi yake ya ndani ni kama mita 3 za ujazo. Limeegeshwa Kabale, mji ulio juu ya milima ya kusini-magharibi ya Uganda, ambako joto la usiku huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Jioni lilifungwa likiwa na hewa yenye gramu 13 za maji katika kila mita ya ujazo, yaani gramu 39 kwa jumla. Alfajiri hewa ile ile yaweza kubeba gramu 28 tu. Gramu 11 zimetuliwa, nazo ni kama vijiko viwili vya chai. Vijiko viwili hivyo, vikitandazwa kwa vitone vidogo sana katika vioo vyote vya gari, vyatosha kabisa kuviziba.

Hesabu hii inatuliza moyo na pia inaonya. Inatuliza kwa sababu ukungu mwepesi wa asubuhi, unaokauka mara feni ya gari inapowashwa, si ugonjwa. Ni hewa imetua mzigo wake. Inaonya kwa sababu hewa peke yake haina maji mengi ya kutoa. Ukiona matone yanatiririka kioo kizima, ukikuta maji yametuama juu ya dashibodi, au ukungu umerudi dakika chache baada ya kuupangusa, jua kwamba ndani ya gari lako mna kitu kilicholowa, na kila usiku kinakulipa deni lake juu ya kioo.

Kitu cha kwanza kutiliwa shaka ni sisi wenyewe. Mtu mzima aliyeketi bila kufanya kazi yoyote hutoa kwa pumzi na kwa ngozi yake gramu 30 hadi 40 za maji kila saa. Watu wanne wakisafiri saa moja katika mvua, vioo vyote vimefungwa, wameacha ndani kiasi cha nusu glasi. Lakini hiyo ni kidogo ikilinganishwa na mizigo yetu. Askari aliyetoka lindoni usiku, akavua koti lake la mvua na kulitupa kiti cha nyuma, ameingiza maji mengi kuliko yale ambayo hewa yote ya gari ingeweza kubeba. Kadhalika viatu vyenye matope, mwavuli uliolazwa sakafuni, taulo la michezo lililosahauliwa ndani ya mfuko. Na mama wa nyumbani anayerudi sokoni na mikungu miwili ya ndizi, fungu la mboga mbichi na jogoo mmoja aliyefungwa miguu, ajue kwamba abiria wote hao wanatoa unyevu, jogoo akiwa wa kwanza kwani anahema.

Basi kanuni ya mwanzo haina gharama: kilicholowa kisilale garini. Mikeka ya mpira itolewe na kukung'utwa, koti litundikwe barazani, mwavuli usimame pembeni mwa mlango. Kabla ya kufunga gari jioni, fungua milango yote minne kwa muda wa dakika tano, ili hewa iliyojaa pumzi za safari itoke na hewa ya nje iingie. Wengi hufanya kinyume: hufika nyumbani mvua ikinyesha, wakaruka nje, wakaubamiza mlango, na kuifungia ile hewa nzito ndani mpaka asubuhi.

PALE MAJI YANAPOPENYA

Endapo umeyatimiza hayo yote na vioo bado vinatiririka, inua zulia. Usiliguse kwa juu tu, kwani zulia la gari limeshonewa sponji au pamba nzito upande wa chini, na sponji hiyo yaweza kuficha lita kadhaa za maji ilhali nyuzi za juu zimekauka. Tia mkono chini yake, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Kisha inua kifuniko cha buti na uangalie shimo la tairi la akiba. Wapo waliokuta humo bwawa la kutosha kufugia samaki.

Maji hupenya kwa njia zinazojulikana, na fundi mwenye uzoefu huzifuata moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni ule mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, mahali zinapokaa wipa. Maji yote ya mvua yanayoteremka juu ya kioo huangukia pale, kisha hutoka kwa matundu mawili, moja kila upande, na kushuka nyuma ya magurudumu ya mbele. Gari likiegeshwa chini ya mti, majani huanguka humo, yakaoza, yakageuka tope, na matundu yakaziba. Mvua kubwa ikija, mfereji hujaa mpaka maji yakaufikia mlango wa hewa ya feni, yakamwagika moja kwa moja ndani, miguuni pa abiria. Kumbe ule mwembe tuliousifu kwa kuzuia umande una hila yake! Anayeegesha chini ya mti afungue boneti kila juma na kuokota majani kwa mkono, kisha amwage kikombe cha maji na kutazama kama yanatoka chini upesi.

Ya pili ni mrija wa kiyoyozi. Kiyoyozi hukausha hewa kwa kuipitisha penye mabomba baridi, na maji yanayonyonywa hapo hutoka kwa mrija mdogo na kudondoka chini ya gari. Dimbwi dogo lionekanalo chini ya gari lililosimama siku ya joto ni dalili ya afya. Usipoliona kabisa na huku zulia la upande wa abiria linalowa, mrija umezibwa na vumbi au na kiota cha mdudu, nao hufunguliwa kwa waya laini au kwa upepo wa pampu.

Ya tatu huhitaji pua. Magari mengi yana kipasha joto, ambacho ni radieta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ikipitiwa na maji ya moto ya injini. Ikitoboka, mvuke wake hupaka vioo utando wenye mafuta usiokubali kupanguswa, na ndani ya gari huwa na harufu tamutamu. Maji hayo yaliyotiwa dawa ya radieta ni sumu. Ladha yake ni tamu, kwa hiyo mbwa huyaramba na mtoto mdogo aweza kuyaonja. Gari la namna hiyo liende kwa fundi siku hiyo hiyo, na zulia lioshwe kabla mtoto yeyote hajalikalia.

Zipo na nyingine ndogondogo: mpira wa mlango uliopasuka au uliobanwa na mkanda, matundu ya chini ya mlango yaliyozibwa na matope, mpira wa taa za nyuma, paa la kioo linalofunguka, na kioo cha mbele kilichobadilishwa na fundi mwenye haraka. Ili kuitambua njia hasa, kausha ndani yote kwanza. Kisha nyunyiza unga mwembamba wa mahindi kandokando ya mipira unayoishuku, mwambie mtu mzima aketi ndani na tochi, naye mwingine amwage maji nje kwa mpira wa bustani, akianzia chini na kupanda pole pole. Ukianzia juu utalowesha kila mahali na hutajua lipi ni lipi. Maji yakipenya, huacha njia yake katika unga kama siafu aliyepita mchangani.

Na gazeti hili likishasomwa na watu wote wa nyumba lina kazi yake ya mwisho: kunja kurasa nne na kuziweka chini ya zulia kila upande. Ukizitoa baada ya siku mbili utajua, bila kumlipa fundi, ni upande gani unaolowa.

KUKAUSHA

Zulia lililokunywa maji halikauki likiwa limelala mahali pake. Wapo wanaoamini kwamba jua la mchana hulikausha hata milango ikiwa imefungwa. Ni kweli kwamba katika siku yenye nyuzi 30 nje, gari lililofungwa juani hupanda kupita nyuzi 50 ndani, na joto hilo huyafukuza maji kutoka zuliani. Lakini yaende wapi? Hukaa hewani humo humo, na jua likitua hurudi kwenye vioo, yakatiririka tena mpaka sakafuni. Ni mzunguko usio na mwisho. Jua hufaa milango ikiwa wazi, na hufaa zaidi zulia likiwa limetolewa na kuanikwa kwenye kamba. Wakati wa kuanika, mtu mzima awe karibu. Watoto hupenda kucheza katika gari lililo wazi, na mtoto akijifungia humo chini ya jua, joto lile laweza kumwua kwa muda mfupi.

Sasa tuje kwa dawa za mitaani. Kuna anayeweka bakuli la chumvi, mwingine mchele ndani ya soksi, mwingine makaa, mwingine vile vijifuko vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Tuvipime kwa haki. Chumvi ya mezani haianzi kunywa maji mpaka unyevu wa hewa upite karibu asilimia 75. Ndani ya gari lenye vioo vyeupe kiwango hicho kimekwisha pita, hivyo chumvi hufanya kazi, walakini hugeuka majimaji, na majimaji hayo yakimwagika juu ya bati la sakafu huleta kutu kuliko maji ya mvua. Anayeitumia aiweke katika chombo kirefu chenye kifuniko cha kitambaa, na asiendeshe gari kikiwamo. Kalsiamu kloraidi, ambayo huuzwa madukani katika makopo ya kukaushia makabati, ina nguvu kupita chumvi, nayo ina hatari ile ile. Silika hunywa hadi karibu theluthi ya uzito wake na yaweza kukaushwa tena katika joto la tanuri. Bali kijifuko cha gramu 5 hakinywi hata nusu ya kijiko cha chai. Makaa husaidia harufu kuliko maji. Mchele ni afadhali uliwe.

Na wote hao kwa pamoja hawawezi kulishinda zulia lenye lita mbili. Kwa silika, lita hizo zingehitaji kilo 6! Vikausho hufaa gari ambalo tayari ni kavu, ili likae kavu.

Lipo jambo moja ambalo hatuna budi kulitamka bila kuficha. Asiwepo mtu wa kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari ili kulikausha au kuondoa ukungu, hata kwa dakika kumi, hata kioo kimoja kikiwa wazi. Mkaa unaowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huichukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huanza kuumwa kichwa, akasinzia, na hatimaye haamki. Hewa hiyo hiyo imo katika moshi wa injini. Kwa hiyo gari lisiachwe likinguruma ndani ya banda lililofungwa wakati mwenyewe akisubiri vioo vikauke, wala dereva aliyechoka asilale garini injini ikiwaka mahali pasipopita upepo. Tena usifikiri kuweka chokaa hai kwa kuwa hunywa maji. Ikikutana nayo hutoa joto kali na huunguza ngozi na macho.

VIOO ASUBUHI

Ukikuta ukungu, usipanguse kwa kiganja. Kiganja kina mafuta, na mafuta hayo, pamoja na moshi wa sigara na vumbi, ndiyo yanayovipa vitone vya maji mahali pa kushika. Kioo kilichooshwa sawasawa upande wa ndani kwa maji yenye siki kidogo, kikasuguliwa na karatasi ya gazeti mpaka kikalia, hakipati ukungu upesi. Wazee wa gereji hupaka sabuni kavu juu ya kioo kikavu, kisha huisugua kwa kitambaa mpaka haionekani tena. Hii si ramli. Sabuni huyafanya maji yatandae kama utando mmoja mwembamba badala ya vitone, na macho hupenya utando huo. Hudumu siku chache, kisha yapasa kurudiwa.

Magari mengi yanayotumika Uganda yaliingizwa yakiwa yamekwisha tumika Japani, na vitabu vyake vya maelezo, vikiwamo, vimeandikwa kwa lugha ambayo wengi wetu hatuisomi. Kwa sababu hiyo yafaa kueleza kitufe kimoja. Penye swichi za feni kuna picha ya gari yenye mshale uliopinda ndani yake. Kitufe hicho kikibonyezwa, feni huizungusha hewa ile ile ya ndani, pamoja na pumzi zenu zote. Wengi hukibonyeza siku ya vumbi, wakakisahau mpaka siku ya mvua. Kizimwe, hewa ya nje iingie. Elekeza upepo kwenye kioo cha mbele, washa kiyoyozi hata kama kuna baridi, na ongeza joto. Kiyoyozi hukausha hewa, joto huifanya iweze kubeba zaidi, na kioo husafika kwa muda mfupi. Ukikaribia nyumbani zima kiyoyozi na uiache feni ikivuma kwa dakika chache, ili mabomba yake yasilale yamelowa na kuota kuvu.

Nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria aghalabu kuna chujio la hewa, kipande cha karatasi iliyokunjwakunjwa. Litoe ulitazame. Tumeona machujio yaliyojaa majani, manyoya ya kuku na mabawa ya kumbikumbi kiasi cha kuizuia feni isipitishe hata pumzi ya mtoto. Feni dhaifu haiwezi kukausha kioo.

Kwenye mwambao, huko Mombasa na Dar es Salaam, mambo huweza kugeuka: ndani kiyoyozi kimepoza kioo, nje hewa ya bahari ina joto na maji tele, na ukungu ukakaa upande wa nje. Dereva atapangusa ndani mpaka mkono uchoke. Dawa yake ni wipa, na kupunguza ubaridi.

KUVU, NA AFYA YA WATOTO

Kitambaa kilichobaki kibichi kwa siku moja au mbili tu chaweza kuanza kuota kuvu. Kwanza huja harufu ya gunia, kisha madoa ya kijani au meusi kwenye mikanda na chini ya viti. Vumbi lake humdhuru mwenye pumu, huwasha macho na pua, na watoto, ambao hukaa nyuma vioo vikiwa vimefungwa, ndio hulipata zaidi. Mama akiona kifua cha mtoto kinabana kila wanaposafiri na hupata nafuu wakishuka, amwone daktari, na pia atazame chini ya kiti cha nyuma.

Kuvu hulisafishwa mlango ukiwa wazi, mahali penye jua, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni, kitambaa kikamuliwe sana kisiongeze maji mapya, kisha anika. Siki yaweza kufuata. Walakini siki isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini yenye kuunguza mapafu. Sponji iliyooza itupwe. Bei yake ni ndogo kuliko ya dawa za kifua.

Unyevu huo huo hula na gari lenyewe. Bati la sakafu hushika kutu kutoka ndani, mahali ambapo hakuna anayetazama. Katika magari ya miaka ya karibuni, nyaya na vifaa vya umeme hupitishwa chini ya zulia na chini ya viti; vikishika kutu, taa za onyo huwaka bila sababu ya kueleweka, na fundi hubadilisha kifaa baada ya kifaa huku mzizi wa shida ukiwa ni tundu moja lililozibwa na jani. Nyaya zenye viungo vya rangi ya manjano chini ya viti huhusika na mifuko ya hewa ya usalama. Mwenye gari asizichezee, amwachie fundi wa umeme.

Anayenunua gari atumie ujuzi huu kabla ya kutoa akiba yake. Avute mkanda wa usalama mpaka mwisho wake, aone kama una mstari wa tope. Atazame bolti za viti kama zina kutu. Na gari linalonukia manukato kupita kiasi, aulize linaficha nini.

GARI LA ALIYE SAFARINI

Wasomaji wetu wengi huitwa kazini mbali kwa miezi mingi. Majeshi ya Uganda yalipopelekwa Mogadishu mwezi Machi 2007, na ya Burundi yalipoanza kuwafuata mwishoni mwa mwaka huo huo, familia nyingi zilibaki na funguo za gari ambalo hakuna nyumbani aliyejua kuliendesha. Gari lililolala mwaka mzima huharibiwa na unyevu kuliko na barabara.

Kabla ya kuondoka lioshwe na kukaushwa kabisa ndani, siku tatu kabla wala si usiku wa kuamkia safari. Litolewe kila kitu chenye nyuzi kisichohitajika: mito, mablanketi, vitabu, sare za zamani ndani ya buti. Lisiegeshwe juu ya majani wala udongo mtupu, maana ardhi hutoa mvuke usiku kucha. Changarawe au saruji ni bora, na paa la mabati lililo wazi pande zote ni bora zaidi ya banda lililofungwa. Turubai la plastiki lililofungwa mpaka chini huufungia unyevu kama sufuria yenye kifuniko. Kama hapana budi kufunika, tumia kitambaa kizito cha pamba, na acha nafasi upepo upite chini. Palipo na mlinzi na paa, vioo viachwe wazi kwa upana wa kidole, vikiwekewa wavu mwembamba wa mbu. Pasipo na mlinzi vifungwe, kwani mwizi anahitaji nafasi ndogo kuliko hiyo.

Aliyebaki nyumbani hahitaji kujua kuendesha. Kila Jumamosi yenye jua, baina ya saa nne na saa nane mchana, afungue milango yote pamoja na buti kwa saa mbili, anyanyue pembe za zulia, abadilishe kurasa za gazeti zilizo chini yake, na aokote majani penye wipa. Akikuta ukurasa umelowa, aandike tarehe na upande juu ya kipande cha karatasi na kukitia katika kisanduku cha mbele. Karatasi hizo fundi atazisoma kwanza, kabla hajafungua hata skrubu moja.